Nyumba ya Mkopo na Dhamana ya Mwingine

Tangu Serikali ya Tanzania ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, kujenga au kukarabati nyumba za kupangisha kwa mkopo kumeonekana kuwa akili ya biashara. Hesabu yake inavutia. Nyumba ya milioni 100, kumi zako na tisini za benki: bei ikipanda kwa asilimia 10, mtaji wako umerudi maradufu, riba kando. Ikishuka kiasi hichohicho, umebaki mikono mitupu, na marejesho ya mwezi hayangoji mpangaji apatikane. Kurani imeharamisha riba na kuagiza mdaiwa aliyekwama apewe muda. Torati nayo ilimkataza Mwisraeli kumtoza ndugu yake riba. Lakini kwangu swali zito zaidi ni hili: akianguka mkopaji, nani anaumia naye?

Wapo watakaosema kwamba bila mkopo wangejenga matajiri peke yao. Kweli, na mwalimu anayekopa kiasi anachoweza kulipa hata chumba kikikaa kitupu hana kosa. Wengine watataja murabaha, ambapo benki hununua kisha ikakuuzia kwa faida iliyokubaliwa. Ni afadhali, ila bado ni deni. Kuhusu wanaoumia naye, Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka ridhaa ya mwenzi kabla nyumba ya familia haijawekwa rehani, na hapo imegusa penyewe, ingawa saini ya kubembelezwa si ridhaa. Watoto wanaolala humo hawaulizwi kabisa. Anayeweka rehani paa lao ili akimbilie faida ya kiwanja cha Iyumbu, Dodoma, anawadhulumu, hata kama bei itapanda.