Meza ya Bahati

Somo: Isaya 65:11, Matendo 1:23-26



Sisi tunaokaa Nyarugusu tumeizoea sauti ile. Jioni, kwenye kibanda cha video, mpira ukiisha watu hawatoki, wanangoja droo. Studio yenyewe ni ndogo: meza moja, kitambaa cha kung'aa, mashine yenye mipira ya namba. Mtangazaji anampigia mshindi simu, mama wa watu analia kwa furaha, nasi tunalia naye. Walioshindwa hawapigiwi. Usiku usingetosha.

Hatusemi ni wizi. Tanzania imeiweka michezo hii chini ya Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, na iko bodi ya kuisimamia. Lakini tuhesabu. Namba za tarakimu tatu, kuanzia 000 hadi 999, ni 1,000. Tuseme tiketi ni shilingi 500 na zawadi ni mara 200. Atakayezinunua zote ametoa 500,000, naye anarudishiwa 100,000.

Mwezi uliopita tuliitwa kusuluhisha nyumba moja. Mafuta ya mgao yaliuzwa, fedha ikaingia kwenye simu, mama akagundua sufuria ikiwa tayari mekoni. Baba huyo si mlevi, anaimba kwaya. Alituambia, "Mchungaji, miaka yote nangoja jina langu lisomwe ubaoni. Hapa angalau nachagua namba mwenyewe." Tulikosa la kumjibu. Nani kati yetu hajasimama mbele ya ubao ule, akasoma majina mara mbili, akarudi nyumbani kimya?

Isaya anawakemea watu waliomwandalia Bahati meza, kana kwamba ni mungu. Meza huandaliwa kwa chakula, wapendwa, na katika nyumba ile kilikuwa chakula cha watoto. Kura yenyewe hatuilaumu. Mitume waliipiga, ikamwangukia Mathiya, lakini Yusufu aitwaye Barsaba hakunyang'anywa kitu. Hata katika likelemba ya mama zetu zamu hupangwa kwa kura, na wa mwisho naye hupata chake.

Wale tuliokwisha kukopa kwa ajili ya droo, tukutane Jumatano baada ya maombi, nyuma ya kanisa. Hakuna jina litakaloandikwa. Yule baba amekubali kuja, na mkewe pia.