Je, Msamaha Waweza Kulazimishwa?

Msamaha ni jambo jema, na mwenye kusamehe husifiwa kila mahali. Basi huenda msomaji akastaajabu kuulizwa: je, mtu aweza kuukataa msamaha, na akawa ameukataa kwa haki? Tusifanye haraka kujibu. Kwanza tuitazame kesi moja iliyotokea Marekani, kwani ndani yake mna mazingatio.

Katiba ya nchi ile, katika Badiliko lake la Tano lililothibitishwa mwaka 1791, yakataza mtu kulazimishwa kuwa shahidi juu ya nafsi yake katika kesi ya jinai. Na Katiba hiyo hiyo yampa Rais uwezo wa kusamehe makosa yaliyotendwa dhidi ya serikali ya shirikisho. Moja ni ngao ya mnyonge, na ya pili ni rehema ya mwenye nguvu. Mtu angedhani haziwezi kugombana, lakini ziligombana.

George Burdick alikuwa mhariri wa habari za mji katika gazeti la New York Tribune. Gazeti lilichapa khabari za udanganyifu wa ushuru wa forodha, na serikali ikataka kujua ni nani aliyezitoa. Burdick akaitwa mbele ya baraza la raia lenye kuchunguza makosa. Akakataa kujibu, akasema huenda jawabu lake likamtia hatiani. Mwaka 1914 Rais Woodrow Wilson akamwandikia msamaha kamili kwa kila kosa alilolitenda, au ambalo huenda alilitenda, katika jambo lile. Hila yake si ngumu kuifahamu: aliyesamehewa hana tena adhabu ya kuogopa, na asiye na la kuogopa hana udhuru wa kunyamaza.

Burdick hakuikubali hati ile. Akatozwa faini ya dola 500, na ikaamriwa azuiliwe mpaka atakapokubali kusema. Lakini mwaka 1915 Mahakama ya Juu ikampa ushindi. Ilisema kwamba msamaha hautimii ila upokewe, na kwamba kuupokea kwabeba maana ya kukiri kosa.

Wako watakaosema kwamba mtu mwema angeupokea msamaha na kueleza ukweli. Maneno haya yana uzito, kwani serikali isiyopata mashahidi haiwezi kuondoa dhulma. Lakini twauliza: na jina la mtu je? Wahenga walisema, jina jema hung'ara gizani. Amsameheye mtu asiyehukumiwa, wala kuomba, amemwondolea adhabu na kumwachia tuhuma.

Kisa cha Nabii Yusuf twakijua sote. Mfalme alipotuma mjumbe kumtoa gerezani, Yusuf hakutoka mbio. Alimrudisha mjumbe, akataka kwanza lichunguzwe jambo la wale wanawake waliojikata mikono. Ni kweli Yusuf alitaka uchunguzi ilhali Burdick alitaka kunyamaza, wala hatuwafananishi. Tunalolichukua ni moja: heshima ya mtu hairudi kwa kufunguliwa mlango peke yake.

Tena, je, kila aupokeaye msamaha amekiri? Mwaka 1974 Rais Gerald Ford alimsamehe Richard Nixon, na yajulikana kwamba Ford alikuwa akichukua mfukoni sehemu ya hukumu ya Burdick, kuonyesha kuwa aliyepokea amekiri. Lakini Nixon mwenyewe alijutia makosa ya uongozi, hakukiri jinai. Na mwaka 2021 mahakama moja ya rufani ya huko iliamua kwamba kupokea msamaha si kukiri kisharia.

Hapa ndipo tunapolipata jawabu letu. Msamaha una nguvu juu ya adhabu, hauna nguvu juu ya ukweli. Haumfanyi mkosa kuwa safi, wala haumfanyi safi kuwa mkosa. Kwa hivyo mtawala asiifanye rehema kuwa mtego wa kumfumbua mtu kinywa. Na vilevile asiifanye kufuli ya kuvifunga vinywa vya wenziwe.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 nayo yamlinda mshtakiwa asilazimishwe kutoa ushahidi wa kujitia hatiani, na rehema ya Rais yafuata ombi na ushauri wa kamati. Lakini sharia hailindi mtu na ndimi za barazani. Mara ngapi mtu huitwa mbele ya wazee, akanyamaza, nasi tukaondoka tukisema kimya chake ndicho ushahidi? Aliyenyamaza huenda anamsitiri mwingine, au amekhofu tu. Tukimhukumu kwa kimya chake, tumemnyima hata ile ngao aliyopewa na sharia, na kosa hilo litakuwa letu sisi.