Kaunti Iliyofunga Shule Zake

Katika jimbo la Virginia, Marekani, iko kaunti ya Prince Edward, nchi ya wakulima wa tumbaku. Shule ya sekondari ya Moton, mjini Farmville, ilitengwa kwa watoto weusi. Ilijengwa kwa wanafunzi 180, ikabebeshwa zaidi ya 450. Waliozidi walisomea kwenye vibanda vilivyofunikwa karatasi za lami. Mvua iliponyesha, vilivuja. Shule ya Wazungu ilikuwa na bwalo la chakula na ukumbi wa michezo. Moton haikuwa navyo.

Aprili 1951, Barbara Johns, binti wa miaka 16, aliwaongoza wenzake kugoma. Mgomo huo ulizaa kesi, iliyokuwa miongoni mwa zile zilizofika Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo mwaka 1954 iliamua kwamba kutenganisha wanafunzi kwa rangi ni kuvunja katiba.

Wakubwa wa kaunti hawakubisha kwa marungu. Walishika kalamu. Mwaka 1959 walikataa kutoa hata senti moja kwa shule za umma, zikafungwa zote. Watoto wa Kizungu walifunguliwa shule binafsi kwa michango, na baadaye fedha za serikali zikaisaidia. Watoto weusi wapatao 1,700 wakakosa shule. Baadhi walipelekwa kwa jamaa wa mbali, wengine walifundishwa makanisani, wengine wakaingia mashambani. Hata Wazungu maskini walioshindwa kulipa ada walibaki nyumbani.

Mahakama ya Juu iliamuru shule zifunguliwe mwaka 1964. Aliyepaswa kuanza darasa la kwanza mwaka ule wa 1959 alikuwa amekwisha kupoteza miaka ya kujifunza kusoma. Virginia ilianzisha ufadhili wa masomo kwa waathirika hao mwaka 2004, walipokuwa wamekwisha kuwa watu wa makamo.

Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Hapa aliyetumbukia kwanza ni mtoto ambaye hakushika jembe. Ubaguzi hauhitaji matusi wala fimbo. Huweza kupita kimyakimya katika bajeti, ukapigiwa kura, ukagongwa muhuri.

Basi, msomaji, ukisikia huduma ya umma inafutwa kwa kisingizio chochote, uliza swali moja: watoto wa waliopitisha uamuzi huo watasoma wapi?