Mficha Maradhi Safarini

Wahenga walituachia methali isemayo kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Nimeifundisha methali hiyo darasani kwa miaka mingi, na kwa muda wote huo niliiona kuwa imekamilika. Sasa, nikiwa nimekwisha kupita umri wa miaka sabini na mitano, naona imesema nusu tu ya jambo. Imemlaumu anayeficha, lakini haikuuliza ni nani aliyemfanya afiche.

Jambo lililonifikirisha hivyo lilitokea mezani, nyumbani kwa binti yangu katika jiji la Dallas, Marekani, mwezi Desemba 2023. Nilikuwa nimekwenda kumtembelea yeye na familia yake. Jioni moja baada ya kula, mkwe wangu alitandaza ramani, mjukuu wangu wa miaka kumi na minne akashika kalamu na karatasi, tukaanza kupanga safari ya gari kwenda magharibi, katika nchi ya jangwa. Tungeendesha zaidi ya kilometa 700 hadi mapango ya Carlsbad katika jimbo la New Mexico, kisha tupite milima ya Guadalupe, na mwisho tufike White Sands, penye vilima vya mchanga mweupe wa jasi mfano wa chumvi iliyomwagwa.

Niliuliza kwa nini watu waende jangwani wakati wa baridi. Mkwe wangu akanieleza kwamba huko White Sands njiani hamna kivuli wala maji, na wakati wa kiangazi joto hupita nyuzi 38 za Sentigredi. Baridi nayo ina masharti yake. Jua huzama mnamo saa kumi na moja jioni, usiku maji huganda, upepo wa milimani huyumbisha gari, na ndani ya hifadhi ya Guadalupe hakuna kituo cha mafuta. Popo mashuhuri wa Carlsbad nao huwa wamekwisha kuhamia Mexico. Pango lenyewe, hata hivyo, halijui majira: mwaka mzima ndani yake ni nyuzi 13 hivi. Yote hayo mjukuu wangu aliyaandika kwa mpangilio: maji, makoti, mafuta, tochi, saa ya kutoka na saa ya kufika. Nilifurahi, maana mpango ule ungepata alama nzuri hata chuoni kwetu.

Kisha tukafika kwenye swali la miguu. Pango la Carlsbad lina njia mbili za kuteremkia. Ya kwanza ni mlango wa asili, ambako mtu hutembea kilometa mbili kwa kuzungukazunguka, akishuka mita 230 hivi chini ya ardhi. Ya pili ni lifti, ambayo huchukua dakika moja tu.

"Baba, miguu itaweza?" mkwe wangu akaniuliza kwa adabu.

"Mimi nimepanda milima ya Usambara kabla wewe hujazaliwa," nikamjibu, kwa sauti ile ile ya mkuu wa chuo. Wote wakacheka, na jina langu likaandikwa miongoni mwa watembea kwa miguu.

Sasa niseme ukweli ambao pale mezani sikuusema. Kwa muda wa miezi minne kifua changu kilikuwa kikinibana kila nilipopanda ngazi. Maumivu yalikuwa yakija kama mkono unaokamua, kisha yakiondoka nikisimama. Sikumwambia mtu yeyote. Nilijua nikisema, safari ingefutwa, au wangekwenda wao na mimi ningeachwa kwenye kochi mbele ya televisheni. Kwa hakika kifo sikukiogopa sana. Niliogopa kuachwa.

Usiku ule sikupata usingizi, nikamkumbuka mwanachuo mmoja. Ilikuwa mwaka 1978, nami nikiwa mkufunzi kijana. Niliwapeleka wanachuo Tanga kutazama mapango ya Amboni, ili waone kwa macho yao jinsi maji yanavyokula mawe ya chokaa. Tulipokuwa ndani, katika hewa nzito yenye harufu ya mavi ya popo, mwanachuo huyo alianza kuhema kwa shida, midomo ikabadilika rangi. Alikuwa na pumu. Dawa yake aliiacha bwenini, kwa sababu kuibeba kungemfichua. Tulimtoa kwa kumbeba mgongoni, tukamkimbiza hospitali kwa lori, na kwa neema ya Mungu akapona.

Kesho yake nilimkaripia vikali. Nilimwambia kwamba amehatarisha maisha yake na ya wenzake. Aliinamisha kichwa, akasema, "Mwalimu, ningesema ningeachwa."

Nilimpa adhabu. Wala sikukumbuka kwamba tangazo la safari nililibandika mimi mwenyewe ubaoni, na mstari wake wa mwisho ulisema: Mwenye afya dhaifu asijiandikishe.

Basi, je, msafiri ana haki ya kuficha udhaifu wake? Wapo watakaosema anayo, kwa kuwa mwili ni wake. Hoja hiyo siidharau. Mtu mzima si mali ya watoto wake, na mzee anayetaka kupanda mlima peke yake, akijua hatari iliyopo, huenda akawa na haki ya kuupanda. Lakini mimi sikuwa nikienda peke yangu. Kama ningeanguka katikati ya ile njia, mita mia moja na zaidi chini ya ardhi, wa kunibeba wangekuwa mkwe wangu, kijana wa miaka kumi na minne, na askari wa hifadhi ambao sijawahi hata kuwaamkia. Hao wote wangekuwa wamekubali kusafiri na mtu ambaye hayupo, yaani babu mwenye kifua kizima. Aliyekubali jambo kwa kudanganywa hakukubali. Kwa hiyo kosa langu halikuwa dhidi ya mwili wangu tu. Niliiba ridhaa ya wenzangu.

Yako mambo mengine yaliyotokea huko huko White Sands, mwezi Agosti 2015. Wazazi wawili kutoka Ufaransa waliingia njia ya mchangani na mtoto wao wa miaka tisa, wakiwa na maji machache. Wazazi wote wawili walikufa kwa joto, mtoto akapona. Mkuu wa polisi wa eneo hilo alieleza kwamba huenda mtoto aliokoka kwa sababu wazazi walimpa maji mara mbili ya waliyokunywa wao. Nimelitafakari sana tukio hilo. Maji yale hayakugawanywa sawasawa, yaligawanywa kwa kufuata udhaifu. Na hilo liliwezekana kwa kuwa mtoto haoni haya kusema ana kiu. Ni sisi watu wazima tunaojifunza kuona haya, na tukishajifunza, hata anayetupenda hajui atupe kiasi gani.

Asubuhi nilimwita binti yangu jikoni nikamweleza. Alinyamaza, macho yakajaa machozi. Kisha akasema lile nililolitarajia: "Baba, basi tuache. Hatuendi popote."

Nami papo hapo nikauelewa moyo wa yule mwanachuo kuliko nilivyouelewa miaka arobaini na mitano iliyopita. Nilikuwa nimesema kweli, na malipo ya kweli yangu yalikuwa yale yale ya tangazo langu.

Aliyetuokoa ni mjukuu. Alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Alileta karatasi yake, akaiweka mezani, akauliza, "Babu, kwa lifti unaweza kuona nini?"

Swali hilo dogo liligeuza kila kitu. Hatukuuliza tena nani aondolewe. Tuliuliza njia ipi imfae nani. Katika kulitafuta jibu tulisoma kwamba wageni wa kwanza wa Carlsbad walikuwa wakishushwa kwa ndoo iliyotumika kupandishia mbolea ya popo, na kwamba lifti ilianza kazi mwaka 1932. Basi nikafikiri kwamba kuna watu, kabla mimi sijazaliwa, waliokwisha kunifikiria: walijua kwamba hata asiyeweza ngazi angependa kuona.

Safari ikasogezwa mbele hadi Januari. Nilikwenda kwanza kwa daktari wa moyo. Alinipima, akanipa dawa ya kila siku na nyingine ya kuweka chini ya ulimi kifua kikibana. Aliruhusu lifti na mwendo wa polepole mahali tambarare, akakataza milima. Karatasi ikaandikwa upya. Mkwe na mjukuu watateremka kwa miguu, mimi na binti yangu kwa lifti, na tutakutana chini. Dawa ya babu iliandikwa katika orodha moja na maji na tochi, bila maelezo.

Tulikwenda, nikaona. Sitaeleza hapa uzuri wa pango, maana si shabaha ya insha hii. Niseme tu kwamba nilikaa chini karibu na lifti kwa muda wa saa nzima nikiwasubiri wenzangu, na katika kusubiri kule sikujiona nimeachwa.

Yule mwanachuo sijui yuko wapi siku hizi. Kama anasoma kurasa hizi, namwomba radhi. Alikosa kuficha, lakini mimi nilikosa kwanza, kwa kuandika tangazo lililoufanya uongo kuwa nauli ya safari. Mwenye kupanga safari, iwe ya darasa, ya ukoo au ya taifa, na apange kiasi kwamba mtu aweze kusema kweli na bado abaki na nafasi yake garini. Mficha maradhi kifo humuumbua, ndiyo. Lakini aliyemfanya afiche naye ana sehemu yake katika msiba.