Chifu Mwenye Redio

Hebu jibu: ungekuwa rais, ungefanya nini? Panda matatu yoyote Nairobi, kila abiria ana jibu, tena refu. Lakini kuna wakati maswali kama hilo yalitumika kupima kama mtu ni wa kisasa.

Mwaka wa 1958 msomi Mmarekani Daniel Lerner alichapisha The Passing of Traditional Society, kitabu kuhusu Uturuki, Iran na nchi kadhaa za Kiarabu. Hoja yake: redio, magazeti na filamu humzoesha mtu kujiona katika nafasi ya mwingine. Akishazoea, atataka maisha mapya, na jamii itasonga mbele. UNESCO nayo ikaweka kiwango: kwa kila watu 100, nakala 10 za gazeti, redio 5, viti 2 vya sinema.

Mfano wake mkuu ni Balgat, kijiji karibu na Ankara. Mwenye duka wa hapo alikuwa ameona filamu za Marekani, akatamani duka kubwa la mjini na hata kuhamia huko. Chifu alipoulizwa angeishi wapi kama si Uturuki, alisema hakuna. Alizaliwa hapo, na alitaka kufia hapo. Kwa Lerner, mwenye duka alikuwa kesho, chifu jana.

Sasa ona hii. Mwaka wa 1950 kijiji kilikuwa na redio moja tu, na ilikuwa ya huyo chifu. Wanaume walikusanyika kwake kusikiliza habari, kisha yeye akawafafanulia. Dunia aliisikia vizuri. Hakutaka tu kuhamia.

Kutotamani si kukosa mawazo. Na sisemi mwenye duka alikosea. Wanakijiji walimcheka, na ndoto yake ilikuwa haki yake. Shida ni kipimo. Mchungaji aliombwa ajiwazie akiwa rais, lakini kitabu hakikumpima mtafiti kama anaweza kujiwazia akiwa mchungaji. Tena mahojiano yenyewe yalifanywa kwa ajili ya Sauti ya Amerika, iliyotaka kuwajua wasikilizaji wake.

Rula hiyo bado tunayo. Tukienda ushago tunamwita mtu mshamba kwa sababu hana TikTok, na hatumuulizi anajua nini kuhusu sisi. Kama kujiweka katika nafasi ya mwingine ndiyo usasa, basi aliye na bando nyingi ndiye apimwe kwanza.