Safari Isiyo na Msiba

Huku kwetu Ufipa, mume na mke wa makamo wakionekana alfajiri wanapakia mabegi kwenye gari, jirani hawaulizi wanakwenda wapi. Anawauliza nani amefariki. Simlaumu. Watu wa rika letu tunasafiri pamoja kwa msiba, kwa harusi ya mtoto wa ndugu, au tukimpeleka mgonjwa Mbeya. Ya biashara mtu huenda peke yake. Safari ya kutembea tu, kuona dunia ilivyo, tumewaachia wazungu na vijana wenye simu nzuri.

Kiangazi kilichopita mimi na mume wangu tulikwenda ng'ambo. Msifikirie Dubai. Tulishuka Kasanga tukalala, tukarudi Matai, tukavuka mpaka wa Kasesya kwenda Mbala na Mpulungu, nchini Zambia. Dada yangu alipopata habari alipiga simu kuuliza kama tumeuza kiwanja.

Barabara ya Sumbawanga hadi Kasanga sasa ni lami, zaidi ya kilomita 100. Unaondoka mjini umevaa sweta, maana uwanda wetu uko juu na asubuhi za Juni zinauma, kisha barabara inateremka karibu mita 1,000 mpaka ziwani. Ukifika unatafuta pa kulitupa sweta. Wajerumani walipaita hapa Bismarckburg, kwa jina la Kansela wao, wakajenga boma. Juni 1916 Waingereza wakawatoa. Wageni wengi huja kutafuta mawe ya boma hilo. Mimi nilikuja kumtazama mume wangu.

Amezaliwa Kasanga. Tangu tuoane nimefika naye mara nyingi, na kila mara ilikuwa matanga, au mgogoro wa shamba, au mama yake mgonjwa. Ziwa lilikuwa pale siku zote, nyuma ya watu waliokaa kwenye mikeka. Safari hii hapakuwa na kikao kinachomsubiri. Alikaa ufukweni akanionyesha walikokuwa wanaoga utotoni na wakubwa walikowakataza kwa sababu ya mamba. Usiku wavuvi walipowasha taa zao majini kuvuta dagaa, akanieleza namna dagaa wanavyoufuata mwanga, jambo ambalo sikuwahi kumsikia akilizungumza. Akaniambia pia kuhusu mama yake, ambaye aliletwa Kasanga kutoka Kipili na meli ya Liemba akiwa bibi harusi. Mpaka anazikwa, mama mkwe wangu hakusafiri tena na mumewe bila maiti au mgonjwa kuhusika.

Na Liemba yenyewe ina kisa kirefu. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Kigoma, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa 1924, na kuanzia 1927 ikabeba watu wa mwambao huu kwa miongo mingi, Kigoma hadi Mpulungu. Mume wangu anasema kwao walikuwa wanahesabu wiki kwa honi yake.

Mpaka wetu na Zambia upande huu ni mto Kalambo. Waingereza na Wajerumani walikubaliana hivyo kwa mkataba uliotiwa saini Berlin tarehe 1 Julai 1890, bila Mlungu hata mmoja kuulizwa. Ndiyo maana Walungu na Wamambwe wako huku na wako kule, wanaoana na kuzikana, na neno ng'ambo kwao halina uzito tunaolipa sisi wa mjini. Mto huohuo, kabla ya kuingia ziwani, unadondoka kwa mkupuo mmoja zaidi ya mita 200, karibu mara mbili ya maporomoko ya Victoria. Juu ya maporomoko hayo watafiti walifukua magogo mawili yaliyochongwa ili yashikane, na mwaka 2023 wakatangaza kwamba yana umri wa miaka 476,000 hivi. Aliyeyachonga alikuwa kiumbe aliyetangulia watu wa aina yetu. Hayo yote yako wilayani Kalambo na jirani yake, na ninawajua walimu wa Sumbawanga wanaostaafu bila kuyaona, ingawa wanafunzi wao wameandika insha kuyahusu.

Pale Kasesya kijana wa Uhamiaji, mpole kabisa, aliuliza sababu ya safari. Mume wangu akajibu, "Tunatembea tu, mwanangu." Kijana akatutazama, akatazama mikono yetu kama tumebeba kitu, akauliza tena kwa heshima kama tuna mgonjwa upande wa pili.

Mbala ni mji mdogo wenye baridi kama yetu na miti mikubwa barabarani. Zamani uliitwa Abercorn, na ndipo Jenerali von Lettow-Vorbeck alipoweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya, akiwa na askari na wapagazi kutoka pande zetu. Mume wangu alipenda habari hiyo. Mimi kilichonishika kilikuwa kwenye jumba la makumbusho la Moto Moto, lililoitwa kwa jina walilompa wenyeji askofu Joseph Dupont. Padre mmoja Mkanada, Jean-Jacques Corbeil, alikusanya humo mbusa, vifaa vitakatifu ambavyo Wabemba na majirani zao walivitumia katika chisungu kumfunda msichana mambo ya nyumba, ya shamba na ya ndoa. Mwalimu wake ni nachimbusa. Watu wa pwani wangesema kungwi, na wangeelewana naye upesi.

Nilisimama mbele ya vile vyombo vya udongo muda mrefu kuliko mume wangu alivyotaka. Kazi yote ile, udongo kufinyangwa, nyimbo kukaririwa, wanawake wazima kuacha mashamba yao kwa ajili ya binti mmoja, ilifanywa ili ndoa ianze vizuri. Pwani nako kuna fungate, siku saba za maharusi kukaa bila kazi. Wazee wetu walijua kwamba watu wawili wanahitaji muda ambao haudaiwi na mtu. Walichokosea, kwa maoni yangu, ni kuutoa mara moja tu. Binti akishafundwa na fungate ikiisha, kinachobaki ni ada, mbolea, wakwe na presha.

Sisi wa leo tumeongeza kasoro. Tunaunda kamati ya harusi, na kamati ina mwenyekiti na mweka hazina na kundi la simu lisilolala. Watu wanachangia mamilioni kwa ajili ya ukumbi, mapambo na keki ya saa chache. Sijawahi kuombwa mchango ili watu waliooana miaka 25 iliyopita wapate siku tatu za kukaa pamoja. Ningeitisha mchango huo ningeambiwa nimechanganyikiwa, na mume wangu angeambiwa amekaliwa na mkewe.

Mpulungu iko chini, mwendo mfupi kutoka Mbala, barabara ikirudi kuteremka kwenye joto. Ndiyo bandari pekee ya Zambia. Saruji na sukari hupakiwa pale kwenda Burundi na Kongo. Kiswahili kinasikika sokoni bila tabu. Tulikula ugali, wao wanauita nshima, kwa dagaa wanaoitwa kapenta, ambao ni walewale wa kwetu. Wazambia waliwapenda kiasi cha kuwachukua kutoka Tanganyika na kuwapandikiza ziwa Kariba mwishoni mwa miaka ya 1960. Tukaenda kuona kanisa la mawe la Niamkolo, la wamisionari wa miaka ya 1890. Halina mengi. Tulikaa kivulini nje yake tukabishana kuhusu jina la mjukuu mpaka jua likapoa.

Nikiulizwa safari ile ilileta faida gani sina risiti ya kuonyesha. Garini tulipitisha kilomita nyingi bila kumtaja mtoto yeyote. Niligundua mume wangu anapenda kusoma vibao vya barabarani kwa sauti, na kwamba hofu yake ya kustaafu si ya fedha kama nilivyodhani. Mambo haya hayasemwi sebuleni wakati wa taarifa ya habari, wala kwenye basi la msiba ambamo kila mtu analia.

Najua wapo wasio na gari wala akiba, na wengine mwenzi mwenyewe ndiye tatizo. Siandiki kwa ajili ya kuwakoga. Ila wapo wengi wenye uwezo wa kwenda Matai na kuvuka, ambao hawavuki kwa kuwa hakuna aliyekufa upande wa pili.

Kwa hiyo nina neno kwa watoto mlioko Dar es Salaam, Dodoma na Mbeya, mnaopanga kuwafanyia wazazi sherehe ya ndoa yao. Msikodi ukumbi. Wajazieni mafuta, au walipieni basi na chumba cha kulala wageni. Mtanzania hahitaji viza kuingia Zambia, na ofisi ya Uhamiaji itawaeleza hati ya kusafiria inayowafaa. Waende baada ya mavuno, njia zikiwa kavu. Wajukuu bakini nao ninyi.