Ugonjwa wa Tezi ni wa Nani?



Nyumba iliyokaa miaka mitatu bila mtoto, huku kwetu Homa Bay na Migori, kila mtu huwa na neno juu yake. Mama mkwe hunong'ona, wazee hutaja chira, na marafiki wa mume humshauri alete mwingine. Kisha mke apimwa damu hospitalini, na karatasi yasema kwamba tezi ya shingoni, ambayo madaktari huiita thairoidi, inafanya kazi kidogo mno. Wapo waume wanaoipokea karatasi hiyo kama hukumu: "Kumbe ni wewe!"

Tutofautishe chanzo na hatia. Tezi hiyo hutengeneza homoni inayoongoza mwendo wa mwili mzima. Homoni ikipungua, mama huchoka, huona baridi hata kwenye jua la Karungu, hufunga choo, hunenepa bila sababu, na hedhi yake huwa nzito au hupoteza mpango. Huenda yai lisipevuke, na mimba ikitunga yaweza kutoka. Wanaofuata njia ya asili ya kupanga uzazi pengine wataona katika daftari lao joto la asubuhi likikaa chini mwezi mzima bila kupanda. Daftari hilo mlipeleke kwa daktari, litamfaa. Mara nyingi ni kinga ya mwili wenyewe inayoishambulia tezi. Mara nyingine ni upungufu wa madini joto, ingawa chumvi yetu hutiwa madini hayo kwa sheria. Mke ametenda kosa gani hapo? Tena mume naye apimwe, kwa maana karatasi ya mke haisemi lolote juu yake.

Sheria ya Kanisa ya 1983, kanuni ya 1084, yasema utasa haukatazi ndoa wala haubatilishi. Lakini kwa tezi hii, mara nyingi hata utasa si neno lake, kwani dawa ipo. Mwaka 1891 daktari George Murray wa Newcastle, Uingereza, alimtibu mama mmoja kwa dawa iliyotolewa katika tezi ya kondoo, naye akaishi hadi 1919. Siku hizi ni kidonge kidogo cha levothairoksini, humezwa kwa maji kila asubuhi, tumbo likiwa tupu, nusu saa au zaidi kabla ya chai.

Swali gumu zaidi ni la mtoto ambaye bado hajajulikana. Hadi karibu wiki ya 12 mtoto hutegemea homoni ya mama yake, na ubongo wake unajengwa wakati huo huo. Kwa hiyo mama mwenye ugonjwa huu kwa kawaida huongezewa dozi mapema, mara nyingi kwa robo hivi. Nasi kwetu mimba changa haitangazwi. Sina ugomvi na desturi hiyo, ina heshima yake. Lakini mama huyu akinyamaza mpaka tumbo lionekane, atakuwa amechelewa. Hedhi ikikosa, watu wawili waambiwe mara moja: mume na daktari.

Je, tuna wajibu kwa mtu ambaye hatujui hata kama yupo? Nasema ndiyo, na wajibu huo huanza kabla ya mimba: damu ipimwe na dozi irekebishwe kwanza. Hapo mume hawezi kusema ugonjwa si wake. Nauli ya kwenda hospitali ya misheni ya Ombo au ya kaunti Homa Bay itatoka wapi? Na fedha ya dawa, miezi ile ambayo uvuvi wa omena umefungwa?

Kuna jambo dogo ambalo wengi hawaambiwi. Vidonge vya madini ya chuma ambavyo mama hupewa kliniki huzuia dawa ya tezi isiingie mwilini vizuri. Visimezwe pamoja, ziachwe saa nne katikati. Asubuhi cha tezi, jioni cha kuongeza damu, na mume anaweza kukumbusha. Kipimo cha damu hurudiwa takriban kila wiki nne hadi katikati ya mimba. Baada ya kujifungua dozi kwa kawaida hurudishwa ilivyokuwa, na kipimo hufanywa tena wiki ya sita. Kunyonyesha hakuna kizuizi.